Skani ya 3D inaweza kuniambia kama ukuta wa nyumba ya babu utaanguka?

Binti_Mkunazini:

Assalaam alaykum wanajukwaa, naombeni msaada hasa nyie mnaojua mambo ya upimaji na majumba ya kale. Sisi tuna nyumba ya marehemu babu Mji Mkongwe Unguja, ghorofa mbili, kuta za mawe na chokaa, dari za boriti kama zilivyo nyingi za kule. Warithi tuko saba, wawili wako Maskati, mmoja Dubai, waliobaki tuko hapa hapa tunabanana. Sasa ukuta wa nyuma wa sebule ya juu una ufa tangu nina akili zangu, ila safari hii baada ya masika naona kama umefunguka zaidi, na tangu lile jumba la kale la Beit el Ajaib lilipoanguka sehemu yake Desemba 2020 mama hataki kulala upande ule, akisikia kitu kimelia usiku anasoma Ayatul Kursi huku anatafuta kanga yake atoke nje.

Wajomba wa Maskati wakasema tuite watu wa skani ya 3D, wakatuma pesa, wakaja vijana wa kampuni moja (siitaji), wakazunguka na mashine siku nzima na droni juu wakaondoka. Wiki mbili baadae tukaletewa video. Wallahi nzuri mashaallah, kamera inaingia dirishani inapanda ngazi inatokea darini, na muziki wameweka. Nikauliza sasa ukuta je? Nikaambiwa hiyo kazi nyengine ina malipo yake. Kaka yangu kwa hasira kachukua iPhone yake ile yenye lida (kile kipima umbali kwa mwanga) akaskani mwenyewe, apu ikamwambia ukuta umelala sentimita 9. Kontrakta alivyosikia 9 kasema bomoa huo, tusimamishe nguzo za zege na nondo.

Swali langu ni moja tu, hizi skani zinaweza kusema kama ukuta utaanguka au hauanguki? Maana kila mtu ana namba yake na mimi ndie ninaelala humo.

Kitunguu_Saumu:

Ripoti yenye muziki hahahaha. Ukuta ukianguka nao watauwekea taarabu.

Sarvea_wa_Pwani:

Pole dada. Mimi ni mpima, nimefanya bara na visiwani, nakujibu upande wa vipimo tu, mambo ya chokaa wapo mafundi humu watakuja.

Hiyo 9 iweke pembeni kwanza. Lida ya simu inaona kama mita 5 hivi, halafu simu inakisia yenyewe iko wapi wakati wewe unatembea nayo, kila hatua inabeba kakosa kadogo na vikosa vinajumlishana, ndio maana ukizunguka chumba ukarudi ulipoanzia mara nyingine unakuta kuta mbili pale penye ukuta mmoja. Kwa kupanga makochi ni kitu safi sana, kwa kuuhukumu ukuta hapana. Mwambie kaka askani tena mara tatu leo hii hii bila kubadilisha kitu. Akipata 9, halafu 5, halafu 12, basi hizo namba ni za simu, ukuta haumo.

Skana ya leza ile ya miguu mitatu ni mnyama mwengine. Inazunguka huku inapiga leza na kupima umbali, mamia ya maelfu ya mapigo kwa sekunde, kila pigo linaacha pointi moja inayojua iko wapi kulia, juu na mbele. Wanaihamisha kutoka chumba hadi chumba kwa sababu haioni nyuma ya kabati, halafu vituo vyote vinaunganishwa, mwisho unapata wingu la pointi, mamilioni kwa mamilioni. Kwa umbali wa sebule kosa lake ni milimita chache. Sasa kama hao vijana walikuja na mashine ya namna hiyo jibu la nusu ya swali lako wanalo tayari ndani ya kompyuta yao, wewe umepewa ganda tu. Usiwaombe video tena. Waombe wingu lenyewe, faili la E57 au LAZ, pamoja na ripoti ya kuunganisha vituo inayoonyesha kosa lilikuwa milimita ngapi. Soma mlichosaini lakini, kuna watu wanaandika kwamba data ni mali yao.

Ukishalipata, kuna programu inaitwa CloudCompare, ni ya bure. Unakata ukuta mmoja tu kutoka kwenye wingu, unaulinganisha na bapa la wima kabisa, inakupakia rangi: pale ukuta ulipotoka nje pekundu, ulipoingia ndani buluu, uliponyooka kijani. Hapo ndio unaona kama ukuta umelala wote au umevimba sehemu.

Halafu hili ndio la maana kuliko yote niliyoandika. Skani moja inakwambia ukuta ukoje leo, haikwambii unakwenda wapi. Unaweza kuwa umelala tangu alipoujenga mwashi zama za Sayyid Barghash na ukasimama hivyo hivyo miaka 140, na mwengine umenyooka kama mstari na kesho uko chini. Kujua unatembea lazima upime mara mbili au zaidi, tena alama zako za kushikia vipimo ziwe nje ya ukuta huo, ikiwezekana nje ya nyumba kabisa, ukizifunga kwenye ukuta ule ule unaotembea majibu yatasema nyumba ya jirani ndio imehama. Na pima msimu ule ule, baada ya masika kwa baada ya masika, kwa sababu kuta za chokaa zinakunywa maji na kukauka na zinacheza kidogo kila mwaka bila ubaya wowote.

Na kama kosa la kila kipimo ni milimita 5, ukaona tofauti ya milimita 4, usipige simu Maskati.

Mzee_Chokaa:

Mwanangu, waalaykum salaam. Huyo mpima kasema kweli ila hio leza yake inaona ngozi. Mie nimeshika chokaa tangu mdogo, nikwambie ukuta wetu ulivo. Una ngozi mbili za mawe, ya nje na ya ndani, katikati wamejaza vijiwe na chokaa na udongo. Wajenzi wazuri waliweka mawe marefu ya kufungia ngozi hii na ile, wajenzi wa haraka hawakuweka. Maji yakipata njia ya kuingia kati, ule udongo unalainika unashuka, unasukuma, na ngozi ya nje inaanza kutoa tumbo. Ukuta ulolala mzima mzima mie sina khofu nao sana. Ukuta wenye tumbo ndio unaonikosesha usingizi.

Sasa fanya hivi. Chukua kinyundo kidogo, gonga ukuta taratibu kila shibiri, toka chini mpaka unapofika. Ukilia mzito kama unagonga jabali, alhamdulillahi. Ukilia kama debe tupu, ngozi imeachana na mwenzake, chora hapo kwa chaki. Halafu panda uangalie boriti. Ukitizama kwa chini utaziona nzima, ndio ujanja wake, boriti inaoza kichwa, pale ilipozama ukutani. Chukua bisibisi uchome pale pale inapoingia. Ikizama kama kwenye mkate, umeshapata jibu la ufa wako bila ya droni.

Na nambie mambo matatu: choo cha juu kiko wapi, maji ya AC yanamwagika wapi, na huo ukuta nani alipiga lipu ya saruji? Maana kama umepigwa saruji juu ya mawe na chokaa, maji yaliyomo ndani hayana pa kutokea, na chumvi inakula kutoka ndani huku nje kweupe kama yai.

Mhandisi_Kijana:

Kwa heshima zote mzee wangu lakini tusirudi enzi za kugonga ukuta na kusikiliza. Siku hizi kutoka kwenye wingu la pointi unatengeneza modeli ya jengo zima, unaigawa vipande vidogo vidogo maelfu, unaingiza uzito na upepo, programu inakutolea wapi pana msukumo mkubwa na wapi patapasuka. Hiyo ndiyo tathmini yenyewe, siyo kugonga.

Sarvea_wa_Pwani:

Mhandisi nakubali zipo, na mimi nimeshapeleka data kwa watu wa kazi hiyo. Lakini programu itakuuliza, haya mawe yana nguvu kiasi gani? Chokaa je? Katikati mmejaza nini? Ngozi mbili zimefungwa au zimeachana? Ukiandika namba ya kukisia itakupa jibu la kukisia lenye rangi nzuri. Umbo utakuwa nalo kwa milimita, na moyo wa ukuta hujaugusa. Atakaekupa hizo namba ni huyo huyo mzee na kinyundo chake, pamoja na mtu wa kutoboa kitundu kidogo akachungulia ndani kwa kamera nyembamba.

Mhandisi_Kijana:

Sawa mkuu, nimekupata. Mzee samahani.

Mzee_Chokaa:

Hakuna taabu. Njoo siku nikufundishe kusikiliza.

ParisiMpakaBuza:

Wadau mimi niko Ufaransa naosha vyombo tu msije mkanihoji sana, lakini ile Notre-Dame iliyoungua Aprili 2019 si waliijenga upya kwa kutumia lile gemu la kompyuta lililokuwa na kanisa ndani yake? Sasa si mnaona 3D inafanya kazi.

Sarvea_wa_Pwani:

Hapana, hiyo stori imezunguka sana. La kwenye gemu lilichorwa lipendeze na mchezaji apate pa kurukia, halikuwa kipimo. Kilichosaidia ni kwamba kulikuwa na mwalimu wa historia ya sanaa Mmarekani, Andrew Tallon, aliingia na skana ya leza 2010 akapima kanisa zima kutoka vituo zaidi ya 50, pointi zaidi ya bilioni moja. Hakuwa anajua kama litaungua, yeye alikuwa anataka kuelewa waashi wa zamani walijengaje na wapi walikosea. Alifariki 2018, moto ukaja mwaka uliofuata, skani zake zikawa ni moja ya kumbukumbu za jengo lilivyokuwa kabla. Baada ya moto wakaskani tena, wakalinganisha, ndio wakajua kilichohama na kisichohama. Limefunguliwa Desemba 2024.

Unaona tena ni vipimo viwili. Kimoja cha kabla na kimoja cha baada.

Mmachinga_wa_Masoko:

Aisee huku kwetu Kilwa hayo mambo yamepita zamani sana, kuna mradi wa Chuo Kikuu cha Cape Town jina lake hasa ni Zamani Project (neno letu hilo), umeanza 2004, wamepima Kilwa Kisiwani na Songo Mnara na sehemu nyingi Afrika. Baadae shirika la CyArk na Google nao wakaweka Kilwa mtandaoni 2020, ukiwa na bando unaingia Msikiti Mkuu unatembea kati ya nguzo ukiwa umekaa kwenye boda. Mimi binafsi nilikuwa naona ni mapicha ya watalii mpaka siku moja nikaenda Kisiwani nikakaa pale Gereza, ile ngome ya ufukweni, nikaona bahari inavyolamba. Ukiwa na kipimo cha mwaka huu na cha miaka kumi ijayo unajua bahari imekula mita ngapi, bila hicho ni wazee wanabishana tu, huyu anasema zamani ufukwe ulifika kule, huyu anasema ulifika hapa.

Halafu mnajua Kilwa na Songo Mnara ziliwekwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini 2004 zikatolewa 2014, na kilichozitoa ni kazi ya mikono, chokaa, mawe na kupanda mikoko. Skani haijawahi kushika jiwe lisianguke. Ila inasaidia kujua uanze na jiwe lipi.

Lamu_Usiku:

Niko Lamu, nawapa ya wanyonge wasio na skana ya mamilioni. Unaweza kufanya kwa kamera ya kawaida au hata simu ya bei ya chini, inaitwa fotogrametri, yaani unapiga picha nyingi zinazopandana na programu inatafuta alama zile zile kwenye picha tofauti inajua kamera ilikuwa wapi na kitu kiko wapi. Metashape ni ya kulipia, Meshroom ni bure lakini inataka kompyuta yenye kadi ya NVIDIA la sivyo utasubiri mpaka Maulidi. Mimi nimefanya zidaka za nyumba ya nyanya yangu, zile ndani ya ukuta za plasta zilizochongwa, zilitoka vizuri hadi alama za kisu cha fundi unaziona.

Makosa niliyofanya mwanzo msiyarudie. Nilisimama katikati ya chumba nikageuka kama feni nikipiga picha, haikuunda kitu, lazima utembee pembeni, hatua, picha, hatua, picha, kila moja ibebe zaidi ya nusu ya iliyotangulia, robo tatu hivi. Usitumie flashi. Usivute picha karibu na kuachia katikati ya kazi. Ukuta mweupe uliopakwa chokaa mtupu programu inauona kama maziwa, haina pa kushika, kwa hiyo bandika vikaratasi vyenye alama tofauti tofauti kwa tepu isiyong'oa rangi. Vishaba vya kwenye milango ya kuchonga vinang'aa vinaidanganya, piga siku ya mawingu. Na vichochoro vyetu ni vyembamba huwezi kurudi nyuma, basi piga picha nyingi zaidi kwa karibu, uvumilivu tu.

Kubwa zaidi, picha hazijui ukubwa. Modeli itatoka nzuri kumbe inaweza kuwa ya nyumba ya mdoli. Weka rula mbili tatu ndefu mahali tofauti kabla ya kupiga, moja utumie kuipa programu kipimo, nyengine uiache uone kama inakubaliana. Watu wengi wanasahau hiyo ya pili halafu wanaamini kila kitu.

Droni usiirushe bila kibali, huku kwetu na huko kwenu pia, na mji wenyewe uko chini ya hifadhi, ongea na mamlaka ya Mji Mkongwe kabla hujagusa hata huo ukuta.

Mjukuu_wa_Kizimkazi:

Naomba niingilie kidogo siko mbali na mada. Tuna kaburi la ukoo lina jiwe la maandishi ya Kiarabu, yamefutika mpaka huoni kitu mchana. Hii fotogrametri inasaidia au nipake chaki kama wafanyavyo wengine?

Lamu_Usiku:

Chaki usipake kabisa, wala mkaa, unaingia kwenye vitundu na hautoki. Kwanza nenda usiku na tochi, iweke ubavuni mwa jiwe karibu kulala kabisa ili mwanga ukwaruze uso, kila herufi itatupa kivuli. Mtu mmoja ashike tochi akizunguka, mwengine kamera iwe imefungwa haitikisiki. Ukishindwa, piga fotogrametri ya karibu sana, halafu kwenye kompyuta ondoa rangi za picha ubakishe umbo tupu la kijivu na uwashe taa ya kompyuta kutoka ubavuni. Mara nyingi rangi ya ukungu na madoa ndio inayoficha maandishi, ukiiondoa yanajitokeza. Nyie wa Kizimkazi mna bahati, yale maandishi ya kikufi ya msikiti wa Dimbani ya mwaka 500 Hijria, 1107 ya Miladi, bado yanasomeka.

Mjukuu_wa_Kizimkazi:

Tochi inatosha kumbe, nimesoma tarehe! Jina bado. Ahsante sana, naendelea kesho usiku, mke wangu anadhani natafuta hazina.

Binti_Mkunazini:

Narudi na majibu baada ya wiki tatu, samahanini kwa ukimya, tulikuwa na msiba.

Kaka aliskani kwa simu mara tatu kama Sarvea alivyosema. Akapata 9, 4 na 11. Akaizima simu akaenda kunywa kahawa.

Wale vijana wa video niliwaandikia kwa adabu nikaomba faili la E57, wakazungukazunguka, mwisho wakatoa, GB 38, laptopu ya kaka ilizima mara mbili ikabidi tupunguze pointi kwanza. Tulipoupaka rangi ukuta, kumbe wote kwa jumla umelala sentimita 3 tu kutoka juu hadi chini, lakini upande wa kushoto pana doa jekundu, tumbo la sentimita 6, linaanzia usawa wa goti mpaka chini ya dirisha. Nilihisi baridi kwa kweli.

Mzee Chokaa, nilipata fundi wa makamo yako, akaja na timazi na kinyundo, sikumuonyesha ile picha ya rangi makusudi. Akaning'iniza timazi lake akapima kwa rula, akasema tumbo 6 na kitu. Pale pale! Akagonga akachora chaki. Sehemu inayolia debe inafuata lile doa ila inaendelea mbele yake, karibu mita nzima kuelekea kulia, ambapo skani inaonyesha kijani kitupu. Yaani ngozi imeshaachana lakini bado haijavimba, kwa hiyo mashine haikuwa na cha kuona.

Sababu ni choo cha juu, bomba limefichwa ndani ya ukuta na limepigwa saruji juu yake, mjomba mmoja aliliweka mwaka wa 90 na kitu (yuko Maskati, ndie aliyelipa skani, hatujamwambia bado). Boriti tatu vichwa vimeoza, bisibisi ilizama kama kwenye mkate kweli.

Swali langu la mwisho, nitajuaje kama hili tumbo ni la juzi au la miaka yote? Kipimo cha zamani sina.

Sarvea_wa_Pwani:

Una albamu za harusi?

Binti_Mkunazini:

Zipo, mama kaolewa 1974 kwenye sebule hiyo hiyo. Kwa nini?

Sarvea_wa_Pwani:

Tafuta picha inayoonyesha ukuta huo kwa ubavu, pale unapokatika mlangoni, na iwe na taa ya kuning'inia ndani yake. Taa kwenye mnyororo ni timazi, haijali kamera ilishikwa upande. Weka rula kwenye mnyororo, halafu linganisha na ukingo wa ukuta. Hutapata milimita, lakini utajua kama tumbo lilikuwepo.

Binti_Mkunazini:

Subhanallah. Ipo moja, bibi kakaa chini ya kandili, ukuta nyuma yake ubavuni. Umelala kidogo vile vile kama sasa. Tumbo hakuna. Umenyooka kabisa pale mahali.

Mzee_Chokaa:

Basi tumbo ni la bomba. Lifungeni hilo bomba leo, sio kesho. Waambie waweke miega upande wa nje na ndani kabla mtu hajang'oa hata kipande cha saruji, maana ile saruji mbovu ndio saa hizi inashika ngozi. Halafu ing'olewe kidogo kidogo, mawe marefu ya kufungia yarudishwe, chokaa iliyolala vizuri, na msipige haraka. Kontrakta wa nondo mpeni chai aende zake.

Sarvea_wa_Pwani:

Na kwenye ufa weka misumari miwili midogo ya shaba, mmoja kila upande, upime umbali kati yake kwa kalipa kila Ijumaa, uandike daftarini. Unagharimu chini ya bando la wiki. Matengenezo yakimalizika waite tena watu wa leza, wapime kutoka vituo vile vile, faili mliweke mahali pawili.

Mzee_Chokaa:

Mie natumia kipande cha kioo na jasi juu ya ufa na tarehe. Kikipasuka hakihitaji kalipa.

Sarvea_wa_Pwani:

Kioo kinasema ndio au hapana mzee, msumari unasema kiasi gani.

Binti_Mkunazini:

Tumeweka vyote viwili msigombane. Mamlaka wamekuja wameona, miega imeshasimama, bomba limekatwa, sasa choo tunashuka chini wote hata bibi wa miaka 81 na anatulaumu kila akishuka ngazi. Mjomba kaambiwa. Kanyamaza siku mbili kisha katuma pesa ya chokaa.

Shangazi ameomba chumba chake kifutwe kwenye lile faili kabla halijapelekwa popote maana mashine imeskani mpaka nguo zake kwenye kamba, na ana haki, hakuna aliyemuuliza.

Kioo kimebandikwa jana. Mama mwenyewe ndie kaandika tarehe.

Mzee_Chokaa:

Ya Hijria au ya Miladi?

Binti_Mkunazini:

Zote mbili, na jina lake.